Solo Yangu Haikusikika

Dadangu alikuja shoo yangu ya kwanza akiwa bado na viatu vya kazi. Alitoka shifti saa mbili usiku, akapanda matatu mbili, akalipa mlangoni ilhali nilikuwa nimemwambia jina lake liko kwenye orodha. Halikuwepo. Nilikuwa nimemweleza kila kitu mapema: wimbo wa nne, baada ya kiitikio cha pili, tega sikio, hapo ndipo mimi. Kwetu nyumbani ni yeye peke yake aliyekuwa bado anauliza habari za gita tangu niache chuo. Wengine walikuwa wanauliza habari za chuo.

Wimbo wa nne ukafika. Kiitikio cha pili kikaisha. Nikakanyaga busta, kile kijisanduku cha kuongeza sauti nilichokuwa nimenunua mtumba, taa nyekundu ikawaka, nikafunga macho na kupiga solo niliyoifanyia mazoezi wiki tatu nzima. Nilipofungua macho watu walikuwa wanaongea tu. Baadaye, tukingoja gari stejini, dadangu akaniuliza, tena kwa upole kabisa: "Sasa ile yako ilikuwa gani?"

Mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa kile kijisanduku. Jumatatu nikakibeba hadi Luthuli, kwa fundi mmoja anayekaa katikati ya mlima wa spika zilizokufa. Akafungua skrubu nne, akaangalia ndani, akacheka. Transista moja. Rizista chache, kapasita chache, betri. "Hii haina shida," akasema, kisha akaunganisha na amplifaya ndogo iliyokuwa mezani, sauti akaiweka chini. Nikapiga uzi mmoja, akabonyeza, na duka zima likageuka kutuangalia. Sauti ilikuwa imeruka kweli. Halafu akazungusha nobu ya amplifaya hadi mwisho, nikapiga tena, akabonyeza tena. Safari hii haikuruka. Ilikwaruza tu zaidi, kama redio iliyoangukiwa na chai.

"Imejaa," akasema. "Ndoo ikijaa, hata uongeze mferiji, haiwi ndoo kubwa. Inamwagika."

Usiku ule wa shoo amplifaya yangu ilikuwa imejaa tangu wimbo wa kwanza. Mimi mwenyewe ndiye niliyeijaza, kwa sababu mwenzangu wa gita la pili alikuwa amejaza yake, na yeye alijaza kwa sababu ya ngoma. Nilipokanyaga busta sikuwa na mahali pa kwenda.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kumbe shida yangu ina umri wa karibu miaka mia moja.

Anza na bendi kubwa za jazi za Marekani za miaka ya 30. Tarumbeta tatu au nne, tromboni, saksafoni nne au tano, piano, besi, ngoma. Katikati ya msitu huo alikuwa ameketi mtu na gita la mbao tu, bila umeme. Mpiga saksafoni akitaka solo anasimama, anavuta pumzi, anapuliza kwa nguvu. Mpiga gita akisimama, amesimama tu. Kwa hiyo kazi yake ikawa kuchapa kodi, nne kwa kila kipimo, kama moyo: hausikiki, lakini ukisimama mtajua. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kukaa humo hadi alipofariki mwaka 1987. Miaka 50, gita bila umeme, karibu bila solo. Jina lake litarudi.

Watu walishajaribu njia nyingi za kulifanya gita lipige kelele. Kampuni ya National ilitoa magita yenye mwili wa chuma na sahani za aluminiamu ndani, zinazotetema kama spika, kuanzia mwaka 1927. George Beauchamp, mmoja wa waliohusika na magita hayo, akaenda mbali zaidi: aliweka sumaku na waya uliosokotwa chini ya nyuzi, ili uzi ukitetema uzalishe umeme mdogo unaoweza kukuzwa. Hiyo ndiyo pikapu, na sio ile ya kubeba viazi. Rickenbacker wakaanza kuuza gita la namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 30, gita la kulaza mapajani kwa mtindo wa Hawaii, la duara na mkono mrefu, hadi watu wakaliita kikaango.

Mwaka 1936 Gibson wakatoa ES-150. Namba hiyo ilitokana na bei: dola 150, gita pamoja na amplifaya yake. Na kwenye mwili wa gita, pembeni, palikuwa na nobu ya sauti. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo. Kabla ya magita ya umeme, nguvu ya sauti ya mwanamuziki ilikuwa kwenye mapafu yake au kwenye mkono wake. Sasa ilikuwa kwenye kitu unachokizungusha kwa kidole kidogo huku unaendelea kupiga.

Aliyeonyesha dunia kitu hicho ni cha nini alikuwa kijana wa Oklahoma City, Charlie Christian, aliyezaliwa Texas mwaka 1916. Agosti 1939 prodyusa John Hammond alimpeleka Los Angeles akutane na Benny Goodman, mpiga klarineti aliyekuwa staa mkubwa wa wakati huo. Goodman hakuvutiwa. Inasimuliwa kwamba jioni hiyo, Goodman akiwa ameenda kula, Hammond na wenzake walimpandisha kijana jukwaani kimyakimya na amplifaya yake. Goodman aliporudi akakasirika, akaitisha wimbo wa "Rose Room", akidhani kijana haujui. Aliujua. Alipewa zamu moja ya solo, akapewa nyingine, na nyingine, na wimbo huo mmoja ukaenda, wanasema, kwa zaidi ya dakika 40.

Mwezi Desemba mwaka huohuo jarida la Down Beat likachapisha makala kwa jina lake akiwahimiza wapiga gita wenzake waamke, wachomeke waya, wasikike. Alikuwa na miaka 23. Ninayoipenda zaidi ni namna alivyolipiga gita: nota moja moja, mistari mirefu, kama mpiga saksafoni. Hakutumia umeme kuchapa kodi kwa nguvu zaidi. Aliutumia kuhama kiti. Kifua kikuu kilimuua Machi 1942, akiwa na miaka 25, na kazi yote aliyorekodi tunayoisikiliza leo ilifanyika ndani ya miaka isiyofika mitatu.

Sasa, ukishampa mpiga gita nobu, unadhani atafanya nini? Ataizungusha. Miaka ya 40 na 50, kwenye vilabu vya bluzi, amplifaya zilikuwa ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo nobu zilienda mwisho na ndoo zikaanza kumwagika kila mahali. Valvu ndani ya amplifaya ina kikomo. Ukiipa ishara ndogo, inatoa nakala kubwa ya kitu kilekile. Ukiipa kubwa kupita kiasi, inakata vilele vya mawimbi, vinakuwa bapa, na sikio linasikia mkwaruzo. Kwa injinia wa redio hiyo ilikuwa hitilafu. Kwa mpiga gita ilianza kuwa kama sauti ya mwimbaji anayelia.

Machi 1951, bendi ya Ike Turner ilisafiri kwenda Memphis kurekodi kwa Sam Phillips. Amplifaya ya mpiga gita Willie Kizart iliharibika njiani. Kila mtu ana hadithi yake ya jinsi ilivyotokea. Spika ilikuwa imepasuka. Phillips akaijaza karatasi na kurekodi hivyohivyo, na "Rocket 88" ikatoka na gita linalonguruma kama lori. Miaka kumi baadaye, kule Nashville, kifaa kibovu kwenye meza ya kurekodia kiliigeuza solo ya besi ya Grady Martin kuwa mngurumo kama wa nyuki ndani ya kopo, kwenye wimbo wa Marty Robbins. Badala ya kuirudia, waliiacha, na injinia Glenn Snoddy akakaa chini kutengeneza sakiti ya kuleta ubovu huo kwa makusudi. Gibson wakauza kisanduku hicho mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Walikitangaza kama kifaa cha kuliwezesha gita kuiga tarumbeta na tromboni! Na Keith Richards alipokitumia kwenye "Satisfaction" mwaka 1965, nia yake ilikuwa kuonyesha tu mahali ambapo vyombo vya kupuliza vingekuja kuwekwa baadaye. Havikuwekwa. Robo karne baada ya Charlie Christian, gita lilikuwa bado linaomba ruhusa ya kuwa saksafoni.

Upande wa Uingereza kulikuwa na vita vya aina nyingine, vya ukubwa. Jim Marshall alikuwa mwalimu wa ngoma mwenye duka Hanwell, magharibi mwa London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walianza kutengeneza amplifaya kwa kuiga Fender Bassman ya Marekani. Pete Townshend wa The Who akaja akitaka nguvu zaidi, na zaidi, na mwaka 1965 Marshall wakafika wati 100 na mnara wa spika unaomzidi mtu urefu.

Lakini hesabu za sikio ni katili. Ukiongeza wati kutoka 50 hadi 100, unapata desibeli tatu tu. Mtu atatambua tofauti, ila hatasema imekuwa mara mbili. Ili sauti isikike kama imezidi maradufu unahitaji takriban desibeli kumi, yaani nguvu mara kumi. Ukiwa na wati 100 na unataka maradufu, tafuta wati 1,000. Townshend mwenyewe amezungumza hadharani kwa miaka mingi jinsi masikio yake yalivyoharibika. Mimi nilisoma hayo nikiwa na mlio masikioni uliokuwa umedumu siku mbili tangu shoo, na sikucheka.

Wakati huohuo, katikati ya miaka ya 60, kampuni ya Dallas ya London ikatoa kisanduku cha kijivu kilichoitwa Rangemaster. Transista moja ya gemaniamu, kapasita chache, nobu moja. Si cha kukanyaga: kilikaa juu ya amplifaya na swichi yake ilikuwa hapohapo juu. Kazi yake ilikuwa kuongeza ishara, hasa zile sauti nyembamba za juu, kabla haijaingia kwenye amplifaya. Ni babu wa kijisanduku changu.

Wapiga gita walichomeka Rangemaster kwenye Vox AC30 iliyokuwa tayari imefunguliwa karibu mwisho, na likatokea kilekile alichonionyesha fundi wa Luthuli. Sauti haikupanda sana. Iligeuka. Ikawa nene, ikashika, nota moja ikakaa hewani kama mtu aliyekataa kutoka mlangoni. Kwa kuwa kifaa kilikuwa kimepunguza zile sauti nzito za chini, mkwaruzo haukuwa tope. Rory Gallagher wa Ireland alikitumia. Tony Iommi wa Birmingham, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, alikitumia kwenye albamu ya kwanza ya Black Sabbath, 1970. Brian May wa Queen, anayepiga gita alilolichonga na babake, alijenga sauti yake yote juu ya AC30 na busta ya aina hiyo.

New York, mwisho wa miaka hiyohiyo, Mike Matthews alimwomba rafiki yake Bob Myer, mhandisi wa Bell Labs, amtengenezee kifaa cha kurefusha nota. Siku ya kukijaribu akaona kijisanduku kingine kimechomekwa mbele yake. Hiki ni cha nini? Myer akamweleza kwamba ishara ya gita ilikuwa dhaifu, akalazimika kuiongezea nguvu kidogo kwanza. Matthews akabonyeza swichi ya kile kijisanduku cha msaada, na hapo akasahau kilichomleta. Akakiuza kwa jina la LPB-1, chini ya kampuni yake mpya, Electro-Harmonix.

Kwa hiyo historia ya busta ni historia ya watu waliotafuta kelele wakapata rangi. Ni nzuri, siikatai. Ila haikunisaidia. Mimi nilikuwa na rangi ya kutosha. Nilichotaka ni dadangu anisikie.

Msaada wa kwanza niliupata kwa Brian May, na nilijiona mjinga nilipouelewa. Yeye hakanyagi busta wakati wa solo. Busta yake inakaa imewashwa, na anachofanya ni kupunguza nobu ya gita lake wakati wa kuimba. Solo ikifika, anafungua. Haongezi kitu, anarudisha alichokuwa ameweka akiba. Nobu ileile ya mwaka 1936.

Wa pili ni wa mwaka 1979, kisanduku cha kijani cha Ibanez kutoka Japani, Tube Screamer. Sakiti yake inapunguza besi na kuinua sauti za katikati. Mpiga solo akikikanyaga anahama kutoka mahali ambapo besi na ngoma nzito wamebanana, anaenda palipo na nafasi. Ukitaka kulielewa hili simama stejini jioni. Kuna injini, honi, muziki wa kila gari, mhubiri mwenye kipaza sauti. Unayemsikia vizuri ni makanga. Sauti yake ya puani, nyembamba, imepenya yote hayo, na hana hata wati moja. Amejua tu pa kuiweka.

Amplifaya nazo zilibadilika. Mwisho wa miaka ya 70 kampuni ya Mesa/Boogie ya California ilianza kuuza amplifaya zenye njia mbili, moja ya rithimu na moja ya solo, unabadilisha kwa mguu. Nyingine zikaja na tundu nyuma la kuchomeka pedali katikati, baada ya sehemu inayokwaruza. Weka busta hapo na, mradi amplifaya bado ina nafasi mwishoni, itaongeza sauti kweli. Amplifaya ya ule ukumbi haikuwa na tundu hilo. Nilienda kuiangalia tena, mchana, nikijifanya nimesahau kebo.

Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni Mkenya, na muziki uliolelewa nyumba za jirani zetu zote ulikuwa wa magita. Sikiliza benga yoyote ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Gita la solo linasikika toka upande wa pili wa barabara, na ni safi, halikwaruzi hata. Linapita juu kabisa ya shingo, nota zikidunda kama nyuzi za nyatiti, ambako mtindo huo ulichukuliwa. Rithimu inakaa chini yake. Besi inaruka na kuacha mashimo. Na wakati wa gita ukifika, waimbaji wananyamaza. Si kwamba wanapunguza. Wananyamaza, maneno yamekwisha, sasa ni gita.

Wakongo, ambao bendi zao zilijaa Nairobi miaka ya 70, wana jina la sehemu hiyo: sebene. Wimbo unaimbwa pole pole, kisha unageuka, magita yanachukua usukani. Bendi zao zilikuwa na gita la solo, la rithimu, na kati yao la tatu, mi-solo, na kila moja lina ghorofa yake. Zaiko Langa Langa, walioanza Kinshasa mwaka 1969, hata walitoa vyombo vya kupuliza kabisa. Huku kwingine wakitengeneza visanduku vya kulifanya gita liwe tarumbeta, Kinshasa waliwaambia wapiga tarumbeta waende nyumbani.

Sisemi kwamba huku hawakuzungusha nobu. Walizungusha sana. Ila solo yao ilianzia kwenye mpangilio, kwa watu wengine wanne kukubali kukaa chini.

Na hilo ndilo gumu, manze. Pedali unanunua. Kumwambia msee mwenzako apunguze ni kitu kingine. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima kabla ya kuyasema mazoezini: kwamba kuanzia kiitikio cha pili ahame nyuzi za juu, azime mkwaruzo wake, achape kodi fupi fupi, kwamba jamaa wa ngoma aache yale masahani makubwa kwa dakika moja, kwamba mimi nitacheza wimbo wote nikiwa kwenye sita. Nikamweleza habari za Freddie Green, miaka 50, moyo wa bendi, na kadhalika.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo wewe ndiwe Charlie Christian," akasema, "na mimi ndimi yule mzee wa kukaa."

Tukabishana. Yeye naye ana wimbo wake, wa saba, na kumbe kwa miezi mitano nimekuwa nikimfunika bila kujua. Mama yake alishawahi kuja na kuondoka akidhani yeye hupiga besi. Tulikubaliana hivi: wa nne anakaa, wa saba nakaa mimi. Jamaa wa ngoma alisema yeye hakai popote, lakini siku hiyo alipiga masahani kwa upole, na kwa mara ya kwanza nilisikia kosa langu moja kwenye nota ya kumi na tatu ambalo nadhani nimekuwa nikilipiga tangu mwanzo.

Jumamosi tunarudi ukumbi uleule. Nimeweka alama ya karatasi ya gundi kwenye nobu, pale kwenye sita, nisije nikasahau. Safari hii nimehakikisha orodha ya mlangoni mwenyewe. Jana nilimtumia dadangu ujumbe kumkumbusha. Alijibu usiku sana, lazima alikuwa ametoka shifti.

"Bado ni wimbo wa nne?"